Siagi Iliyonyamaza

Kama ulipita mtaa wa Saio, hapa Bunia, tangu mwaka wa sabini na nne hadi miaka ya themanini, na pua yako ilikuwa nzima, basi ulimjua Domitille hata kama hukuwahi kumwona. Siagi yake ilifika barabarani kabla yake. Mimi, Kahindo, nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza moja naye, na nasema kweli: wateja wangu wengi walikuja na kitambaa mkononi huku macho yao yakiwa kwenye kibuyu chake. Unampima mtu kiuno, naye anauliza habari ya siagi, "Ile mafuta inaisha?" Nilikuwa nikikasirika, naipunguza sketi yake kidogo, akome.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha watoto waliolala. Serikali ilipotuamuru tuache majina ya ubatizo, alimwambia karani aandike lolote analotaka, ila asitegemee kwamba yeye atageuka akiitwa hivyo. Karani aliandika. Hakuna aliyewahi kulitumia jina lile, na mimi mwenyewe nimelisahau. Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Tulitoka Butembo wote wawili, na ukiwa mbali na kwenu hiyo inatosha kuwa dada.

Sasa, sisi watu wa Butembo tunajua ndizi. Tunajua kuzivumbika, kuzikamua, kuchanganya maji yake na unga wa mtama, kungoja, na kupata kasiksi, pombe inayomfanya hata mwanakwaya asimulie mambo. Maziwa ni habari nyingine. Kule kwetu tuliyaona kwa wagonjwa na kwa mapadri. Lakini Bunia ni mji wa maziwa. Kila asubuhi wanaume wa upande wa Bule walishuka na baiskeli zilizofungwa madebe, na mmoja wao, mzee Gaspard, alipenda kumalizia safari yake mbele ya baraza letu kwa sababu kulikuwa na kivuli na maneno. Mume wa Domitille, Katsuva, alikuwa akiuza vitenge Nizi kwa wachimba dhahabu, wiki nzima hayupo. Yaya alichoka kukaa bure. Akanunua maziwa ya Gaspard yaliyobaki, akatafuta kibuyu, akaamua atatengeneza siagi.

Nani alimfundisha? Hakuna mtu. Aliona kibuyu, akakitendea kama kibuyu cha pombe ya kwetu. Huko kwetu unachoma maganda makavu ya ndizi, unachukua majivu yake, unakamulia ndimu juu yake, mchanganyiko unatoa povu kama umekasirika, na povu likitulia unasugua nao ndani ya chombo mpaka mkono uchoke. Humwagi maji. Unapangusa kwa jani la mgomba, unaweka juani, basi. Ndivyo mama zetu walivyofanya na vyombo vya kasiksi, na Domitille hakuona sababu ya maziwa kupewa heshima zaidi ya pombe.

Wanawake wa wafugaji waliposikia habari hiyo walikuja kucheka, na walikuwa na haki. Kwao kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa moshi wa majani yenye harufu nzuri. "Siye kibuyu hatuinawishe hata na mayi," mmoja alimwambia, "na weye unatia ndimu! Ndimu inavunja maziwa, hata mutoto anajua." Domitille akawafungulia kifuniko. Walinusa. Waliacha kucheka, wakaomba kijiko. Siagi ile ilinukia kama, sijui, kama mkate wa moto na karanga na mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kila mtu alisema Domitille ana mkono. Na yeye aliamini hivyo, na mimi niliamini, kwa sababu hatukuwa na neno lingine la kulielezea jambo hilo.

Miaka ikaenda hivyo, mizuri. Tulizeeka kidogo, tukanenepa zaidi. Viviane, mtoto wa pekee wa Domitille na Katsuva, akawa msichana wa kuangaliwa mara mbili, na mwaka wa themanini na tatu akatuletea mchumba. Anaclet, muuguzi, kijana mpole wa familia ya wafugaji wa kule kaskazini. Alimpenda Viviane, na alipenda siagi ya mama yake, na mimi nilimwambia Viviane achunguze vizuri ni kipi alikipenda kwanza.

Mazungumzo ya ukoo yalienda vizuri mpaka alipofika shangazi yake Anaclet, Mama Adeline. Mwanamke mrefu, mkavu, aliyekaa kitini bila kuegemea. Alieleza desturi yao: siku moja kabla bibi harusi hajachukuliwa, hupakwa siagi mikononi, mabegani na miguuni, aingie nyumba mpya aking'aa. "Mutoto yenu tunamupenda," alisema. "Lakini mafuta ya kumupaka itatoka kwetu. Kwa batu benye wanajua kibuyu."

Domitille hakucheka. Hiyo peke yake ilinitisha. "Bokilo," alisema, kwa sababu tayari walikuwa wakwe, "mutoto huyu nilimuzala miye. Miye ndiye nitamupaka, na mafuta yangu."

Mwishowe Mama Adeline akasema sawa, atakuja siku ya kupaka, atanusa mwenyewe. Siagi ikiwa nzuri, mama atampaka mtoto wake. Ikiwa haifai, ile atakayokuja nayo itakuwa tayari kikapuni, na shangazi atapaka kwa mkono wake kama ilivyo kwao. Hapo ndipo jambo lilipokaa. Mgeni angeona ni mchezo wa wanawake. Lakini Viviane alikuwa anaondoka kwenda kuishi kati ya watu ambao siku zote wangemwona kama mtoto wa wale wauza vitenge wasiojua ng'ombe, na Domitille alitaka mtu wa kwanza kumng'arisha awe mama yake. Alitaka hivyo kwa moyo wake wote. Aliniambia jikoni, akishika kijiko kama silaha.

Sasa mtu akitaka kitu sana, hukiharibu. Yaya aliona kwamba vibuyu vyake vya majivu havifai kwa siku kubwa kama hiyo. Majivu ni mambo ya umaskini, alisema. Sabuni ilikuwa adimu Bunia siku zile, lakini Katsuva alikuwa mtu wa kuzunguka, akapata Nizi sabuni ya unga ya kutoka ng'ambo, nyeupe, yenye chembe za buluu. Domitille alichemsha maji, akaosha vibuyu vyote kwa sabuni, akavisuuza na kuvisuuza tena mpaka nikamwambia atavitoboa. Kisha akaweka maziwa, akangoja yagande, akasukasuka akiimba, akafungua.

Siagi ilitoka. Nyeupe, laini, nzuri kwa macho. Tukainamisha vichwa juu ya kibuyu, yeye na mimi, tukavuta pumzi. Hakuna kitu.

"Hii mafuta iko kimya," akasema.

Akajaribu tena. Kimya. Maziwa yenyewe yalichelewa kuganda, yakakaa yamelegea siku nzima zaidi, kama mtu asiye na hamu ya kazi. Domitille alimlaumu Gaspard kwa kutia maji, na mzee wa watu akaapa kwa watakatifu wote. Akamlaumu ng'ombe. Akalaumu mvua. Akanilaumu mimi kwamba mafuta ya cherehani yangu yanamharibia hewa, na tukanuniana mpaka chakula cha jioni. Halafu nikamkuta ameketi nyuma ya nyumba, khanga usoni, mabega yakitikisika. "Mukono yangu inakufa, Kahindo," alisema. "Inakufa wiki ya mutoto yangu." Sijui kufariji watu, nina ulimi wa sindano. Nilikaa tu kando yake.

Katika chumba cha uani palikuwa na mpangaji, kijana wa kwetu, Mbusa, aliyefundisha kemia na biolojia katika shule ya sekondari. Tulimwita Prof, kama wanavyoitwa wote. Alikuwa mwembamba na mwenye njaa ya kudumu, na kila asubuhi alipaka siagi ya Domitille kwenye mkate kwa unene wa kuaibisha. Kwa hiyo msiba ulikuwa wake pia. Alitoka mlangoni na kipande cha mkate mkononi, akauliza kwa uchungu wa kweli, "Mama Viviane, nini inabadilika?"

"Hakuna! Maziwa ni ile ile, kibuyu ni ile ile."

"Uliiosha na nini?"

Hapo ndipo habari ya majivu na ndimu ilipotoka. Prof hakuwahi kujua. Alikuwa amekula siagi ile miaka miwili bila kuuliza, maana mtu mwenye mdomo uliojaa haulizi. Alisimama, akaweka mkate mfukoni mwa shati, na macho yake yakawaka kama ya mtu aliyeona nauli yake imelipwa. Akataka vikombe. Tulimpa vikombe vyote vya nyumba na viwili vya jirani, na Gaspard, aliyetaka jina lake lisafishwe, akaleta maziwa bure.

Baraza langu likageuka maabara. Nilishona sare za kwaya huku nimezungukwa na vikombe vya maziwa vilivyofunikwa majani. Kimoja kilipanguswa kwa majivu peke yake, kingine hakikupakwa kitu, kingine kilitiwa ndimu tupu. Kile cha ndimu tupu Prof alikikamulia kwa ukarimu mno, na maziwa yakakatika mbele yetu hapo hapo, mabonge yakaelea, na Domitille akacheka kwa mara ya kwanza tangu sabuni ile ifike. "Prof, umepika jibini!" Naye akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akacheka pia. Lakini kile kilichosuguliwa kwa majivu na ndimu pamoja, povu likatulia, kikapanguswa bila maji, kile kiliganda mbele ya vyote. Na tulipofunua jani, jirani yetu ng'ambo ya barabara aliacha kufagia.

Domitille alipiga kelele. Alinikumbatia, na pini zangu zote zikaanguka.

Ndipo Prof akatueleza, na alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha nyumbani, akitembea huku na huku kati ya vikombe. Maziwa yana sukari yake, alisema, na kinachogandisha maziwa ni bakteria, vidudu vidogo visivyoonekana, vinavyokula sukari hiyo. Lakini kiumbe hai hakimezi sukari na kumaliza. Huikata, kisha kile kipande hukigeuza kuwa kitu kingine, kisha kingine, hatua kwa hatua, na katika kila hatua kuna kitu cha njiani, si sukari tena na bado si mwisho. Ile asidi ya ndimu ni mojawapo ya vitu hivyo vya njiani. Hata ndani ya mwili wako, Mama Kahindo, akaniambia, inatengenezwa na kutumika wakati huu unaponikunjia uso.

"Sasa ndimu peke yake ni kali, inavunja maziwa. Majivu inaondoa ule ukali. Inabakia chumvi moja, inaitwa sitrati. Hiyo inakamatana na ukuta wa kibuyu. Kiisha munatia maziwa. Kuko vidudu fulani inakula sukari na sitrati pamoja. Ikipata vyote viwili, inapata nguvu ya zaidi. Inazaana mbio, na sukari inaisha mbio."

"Na harufu?" Domitille aliuliza.

Harufu, alisema Prof, ni ziada. Vidudu vikila sukari na sitrati kwa pamoja, vinajikuta na kitu kingi cha njiani kuliko vinavyoweza kutumia. Vinakigeuza na kukitupa nje. Hicho kinachotupwa ndicho kinachonukia siagi. Maziwa yenyewe yana sitrati kidogo, ndiyo maana siagi ya kila mtu inanukia kidogo. Vidudu vya Domitille vilikuwa vinalishwa zaidi. Na sabuni iliondoa chakula hicho, na labda mabaki yake yalivisumbua vidudu vyenyewe pia.

Domitille alifikiri. "Kama wakati wa kilimo," alisema. "Ukipatia watu chakula tu, wanalima. Ukiongeza kikombe cha kasiksi, wanalima mbio na wanaimba."

"Voilà!" Prof alisema, akampigia makofi. Mimi nilisema basi harufu ya siagi ndiyo wimbo wa ulevi wa vidudu, na nilijiona mjanja sana, mpaka leo najiona hivyo.

Domitille alichoma maganda. Alisugua vibuyu tangu asubuhi, povu hadi viwiko. Katsuva aliirudisha sabuni Nizi akaibadilisha na chumvi. Siku ya kupaka ilipofika, nyumba nzima ilinukia hata mkate mkavu ungelika kwa harufu tu.

Mama Adeline alifika mchana na wanawake wa kwao, kikapu chake begani, kibuyu chake kilichofukizwa vizuri ndani. Viviane alikuwa ameketi kwenye mkeka, mabega wazi. Domitille akaleta siagi yake kwenye bakuli la mbao, akalishika mwenyewe, hakutaka mtu mwingine alishike. Shangazi aliinama. Alinusa. Alifumba macho. Kisha akachovya kidole na kulamba.

"Hii ni mafuta," alisema. Wanawake wake wakanong'ona. Halafu akauliza, kwa adabu ya fundi kwa fundi mwenzake, "Kibuyu muliifukiza na majani gani?"

Nilimfinya Yaya kiunoni. Katsuva alikohoa. Hata Prof, mtu wa ukweli wa sayansi, alikuwa akimkonyeza aseme lolote, jani lolote, msitu umejaa majani. Mwanamke yule angeweza kuondoka na kuona tumeichezea desturi yao.

"Hakuna majani, bokilo," Domitille alisema. "Ni majivu ya ndizi na ndimu. Vile tunafanya kwetu na kibuyu ya pombe. Sikujua ingine."

Mwanamke mmoja wa kwao alishika mdomo.

"Ndimu," Mama Adeline alisema. "Ndani ya kibuyu ya maziwa."

"Ndiyo."

"Na miaka hii yote?"

"Toka sabini na ine."

Kwanza yalianza mabega. Yule mwanamke mkavu, aliyekaa bila kuegemea, alianza kutikisika mabega, kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kijana, akalazimika kushika ukuta. Wanawake wake wakacheka, Viviane akacheka akishusha pumzi, na mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Alipomaliza alijifuta macho, akasogea mbele ya Domitille, akamwambia, "Leta mikono."

Domitille akaweka bakuli chini, akampa. Mama Adeline aliigeuza. Ilikuwa mikono mibaya, nasema wazi: majivu na ndimu vimeikausha na kuipasua kwa miaka, vidole vya kijivu, mistari ya nyufa mpaka kwenye vifundo.

"Wakati weye uliolewa, nani alikupaka?"

"Hakuna mutu. Kwetu hatupakake. Walinipatia jembe."

"Na unataka kupaka mutoto na mikono kama hii?"

Nilifikiri anamtukana, na nilikuwa tayari nimevuta pumzi ya kumjibu. Lakini Mama Adeline alikuwa amepiga magoti. Alichota siagi kwenye bakuli, siagi ya Domitille, akaanza kumpaka. Kidole kwa kidole, taratibu, kisha kiganja, kisha kifundo, akapanda mpaka kwenye kiwiko, akainuka, akamfungua khanga kidogo akampaka mabega, kama anavyopakwa bibi harusi, huku akiimba kwa sauti ya chini maneno ambayo sisi hatukuyajua. Wanawake wa kwao wakaitikia. Vigelegele vikaanza, vyao na vyetu vikachanganyika. Machozi yalimtiririka Domitille na alikuwa anacheka. Aling'aa kama sufuria mpya.

Halafu akageuka, na kwa mikono ile iliyolainika akamshika mtoto wake, akampaka. Kwa hiyo siku ile bibi harusi alipakwa wa pili.